Mfereji Uliosogezwa kwa Brashi

Ulikuwa mwaka ule paa la ofisi ya ardhi lilipong'olewa na upepo. Hapana, nasema uongo: paa liling'oka mwaka uliotangulia, ramani zikalowa zikawa uji. Huu ninaousema ni mwaka uliofuata, paa limekwisha kurudi lakini ramani hazikurudi. Tuseme hivyo.

Katika mji ule alikuwapo mchoraji mmoja ambaye watu walimwita Sogeza. Riziki yake ilitoka kwenye mabango ya maduka na milango ya kupaka rangi, ila moyo wake ulikuwa kwenye mandhari. Siku za mapumziko alibeba kigoda, makopo ya rangi iliyobaki kazini na kipande cha plaiwudi, akaenda kukaa mahali popote palipomvuta, mtaani au shambani, hata jua limchome kisogo.

Jina la Sogeza alijitafutia mwenyewe. Kwake yeye hakuna kitu duniani kilichokaa mahali pake. "Mti huu umekaa vibaya," husema, kisha huusogeza. Si mti wenyewe, la, ule wa kwenye picha. Kinyozi wa mtaa wa soko alijikuta amehamishiwa ng'ambo ya barabara kwa sababu kivuli cha duka lake kilikuwa kizito mno upande ule. Nguzo moja ya umeme aliifuta kabisa. Wiki iliyofuata lori likaigonga nguzo ile ile, ikaanguka, na tangu hapo watu wakaanza kumwamkia kwa adabu. Jirani yake mmoja alimjia kwa siri akamwomba amchoree ua wa nyumba yake, mama mkwe asiwemo.

Picha aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya shamba la dada yake mkubwa, pale mji unapoishia, nyuma kidogo ya ofisi ya ardhi. Mahindi, nyumba ndogo ya bati, na mfereji uliotenga shamba hilo na la jirani, dereva mstaafu wa malori. Mfereji ulimsumbua. Uliigawa picha katikati kama njia ya nywele kichwani. Akausogeza kushoto, upande wa dada yake, kiasi cha hatua nane kwa miguu. Kona ya kulia ikabaki tupu, akatia ng'ombe mwekundu. Dada yake hakuwahi kuwa na ng'ombe. Hata kuku alikuwa na wawili, na mmoja alikuwa mgonjwa.

Picha ile aliizawadia ofisi ya ardhi, maana kioo cha dirisha lao kilikuwa kimevunjika na upepo ulikuwa unarusha karatasi. Wakaipigilia misumari pale pale dirishani. Mwisho wa mwaka tarishi alipokuwa akigonga mhuri mali za ofisi, viti, meza, jagi la maji, akaigonga na picha, pembeni mwa mawingu.

Basi dereva mstaafu akaja kuulizia mpaka wake. Bwana ardhi, mtu mpole, mtiifu kwa karatasi kuliko kwa mkewe, alitafuta ramani asione. Akainua macho, akaiona picha dirishani. Shamba ni lile lile, mfereji upo, mhuri upo.

"Mzee, haki yako unayo," akasema. "Mpaka unapita kule, kwa yule mama."

"Na ng'ombe?"

Bwana ardhi akavaa miwani. "Yuko upande wako."

Siku hiyo hiyo dada mtu akatinga karakana ya mdogo wake, mikono kiunoni.

"Wewe mtoto wa mama yangu, umenifanya nini? Nimepewa mpaka Ijumaa niache mistari minane ya mahindi. Tena nimkabidhi jirani ng'ombe!"

"Ng'ombe gani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe! Nimtoe wapi, nimfinyange?"

"Dada, picha ilikuwa imelalia upande."

"Ilale! Hata ingekufa! Wanangu wanakula mahindi, hawali picha iliyokaa vizuri. Mchuma janga hula na wa kwao. Umechuma wewe, haya, wa kwenu ndio sisi."

Mahindi yale ndiyo yaliyomfikisha dada yake mwaka hadi mwaka. Kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni pa ofisi, brashi mfukoni.

"Bwana ardhi, mfereji ule ni uongo wangu. Niliusogeza mimi."

"Una ushahidi?"

"Mimi ndiye niliyechora!"

"Ndiyo tatizo lenyewe. Wewe ni ndugu yake yule mama."

"Basi nipe dakika tano tu, niurudishe."

Bwana ardhi akaruka kitini, akaikinga picha kwa mgongo. "Hati yenye mhuri? Kaka, unataka tukafungwe wote wawili?" Kisha huruma ikamshika, akashusha sauti. "Ila ofisi ikipokea mpya, ya zamani inalala. Ndivyo tunavyofanya."

Siku tatu Sogeza akakaa shambani. Alichora alichokiona tu, na jasho likamtoka kuliko siku zote. Mkono ulikuwa unakwenda kushoto wenyewe. Dada yake akakaa nyuma yake na mwiko.

"Hapo hapo! Ukisogeza nakupiga!"

Mfereji ukapita katikati. Nyumba ikaangukia pembeni, nusu ya mlango nje ya picha. Kona ya kulia ikabaki wazi, inauma macho kama jino lililong'oka. Ilikuwa picha mbaya kuliko zote alizowahi kuchora. Saini aliiandika ndogo kama sisimizi.

Ijumaa wakakutana ofisini. Tarishi aligonga mhuri kabla rangi haijakauka. Bwana ardhi akapima kwa rula, akatamka kwamba mfereji umerudi na mahindi ni ya mama.

"Na ng'ombe wangu?" akauliza dereva.

Bwana ardhi akaitazama ile kona wazi kwa muda mrefu. Akaandika kitabuni: ng'ombe hayupo tena. Akasimama, akampa mkono. "Pole sana, mzee."

Dereva akavua kofia. Hata dada mtu alijikuta anasema, "Poleni, jamani."

Ndipo tarishi akapanda kiti, akaing'oa picha ya zamani ili aipachike mpya. Dirisha likabaki wazi. Mwanga ukaingia, upepo nao, na pale nje, hatua hamsini hazifiki, lilikuwapo shamba: mahindi, nyumba ya bati, na mfereji katikati, maji yanameta. Ng'ombe hakuwapo.

"Karatasi! Karatasi zinaruka, ziba haraka!" bwana ardhi akapiga kelele, na tarishi akaziba, nyundo ko, ko, ko.

Sogeza, aliyekuwa amelinyooshea shamba kidole, alikuwa bado hajakishusha. Akamtazama bwana ardhi, aliyekuwa ameinama anaokota. Akamtazama tarishi. Akamtazama dereva, kofia bado kifuani.

"Jamani," akasema, "siku zote hizi, hakuna hata mmoja aliyefikiria kuchungulia nyuma ya picha?"