Ondoeni mishumaa, ujumbe wa Injinia uko chini yake

Nyie mnaotuma picha za mishumaa kwenye grupu la ujenzi wa wodi ya wazazi, acheni! Lile si grupu la matanga. Ni la nondo na saruji, na aliyelianzisha ni huyo huyo mnayemlilia.

Nitasema kwa nini nimekasirika. Kwanza niacheni nilie kidogo.

Siamini bado kwamba leo tumemzika Fundi Margwe. Jumanne jioni tulikuwa wote juu ya jukwaa la ujenzi, mimi na umri huu nikimshikia tepu ya kupimia. Jumatano alfajiri kifua kikambana, na gari halijafika Karatu mjini akawa ametuacha.

Msionijua, mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi hapa Buger. Shule niliishia darasa la pili. Haya tuendelee.

Siku alipokuja na ile tableti nilimwambia, "Kanisa letu lilijengwa bila televisheni ya kubeba mkononi."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Mama, nikipiga picha hapa, Injinia Neema anaiona mjini kabla hujameza mate."

"Akishaiona, tofali litapanda lenyewe?"

"Halipandi. Ila likipandishwa vibaya, halina pa kujificha."

Zamani injinia anakuja mara moja kwa mwezi, anakuta msingi umeshafukiwa. Anazunguka, anakunywa soda, anaondoka. Margwe akaweka amri: hakuna kufunika kitu mpaka kipigwe picha na tepu juu yake, na Injinia aweke tiki ya kijani chini ya picha kwamba ni sawa. Mshika tepu nikawa mimi. Vijana wana haraka, mimi sina pa kwenda.

Netiweki ya hapa ni ya kubembeleza. Alikuwa anapanda kilima nyuma ya shule, tableti juu ya kichwa, anasimama na jua lote lile mpaka picha iende. Nilikuwa nampelekea uji huko huko.

Ndala zangu zimo kwenye kila picha. Siku Injinia Neema alipofika saiti mara ya kwanza, hakuuliza jina. Alitazama miguu yangu akasema, "Shikamoo, ndala nyekundu!" Nikamjibu, "Marahaba, na miguu ina mwenyewe."

Hili sasa sitalisahau. Ramani ya kwanza iliweka wodi juu ya njia ya maji. Kiangazi huoni kitu, nyasi tu. Nikasema hapo hapajengwi. Fundi mwingine angeniambia, bibi, kaa pembeni. Margwe akasema, "Tembea Mama, nionyeshe."

Nikatembea na fimbo yangu, yeye nyuma anatia alama kwenye tableti kila hatua. Jioni ile ile mstari wangu ulikuwa mbele ya Injinia, na wiki hiyo ramani ikabadilishwa, jengo likasogezwa juu.

Masika yakaja. Maji yakapita pale pale nilipopita, wodi ikabaki kavu. Kwenye ramani pameandikwa "Njia ya maji ya Mama Teresia". Nenda kaangalie. Mimi wa darasa la pili!

Hakuwa malaika. Siku moja alikaa kivulini tangu asubuhi, eti simu inaonyesha lori la kokoto liko njiani. "Kidoti hicho hapo, Mama." Kidoti kimesimama, lori limezama kwenye tope! Nilimfokea, "Inuka ukaangalie kwa macho uliyopewa na Mungu!" Akainuka. Tangu siku hiyo kidoti kikisimama kidogo tu, anampigia dereva.

Sasa hasira yangu.

Jumanne ile tulikuwa tunapima ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo za lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, upande wa mashariki. Akapiga picha, akazipima tena. Halafu akasema, "Mama, hizi zimeachana mno. Kesho nazifungua." Akapanda kilimani, akatuma picha. Kesho yenyewe hakuiona.

Leo tumetoka makaburini, nikapandisha lile grupu juu nitazame picha yake ya mwisho. Tiki ya kijani haipo. Chini yake Injinia ameandika: "Msimwage zege. Ringi za mashariki zifungwe upya." Baada ya hapo ni mishumaa, maua, mikono ya sala, mpaka maneno yake yamefukiwa kabisa. Hakuna aliyejibu. Nimempigia Injinia, anasema alidhani tumeona. Ndiyo maana naandika huku kwenye ukurasa wangu.

Na wewe Daniel, msaidizi wa Margwe. Nasikia umeshaita mashine ya zege ije kesho, na mmechapisha fulana zenye sura yake, eti mnamwaga lenta kumuenzi. Najua ulimpenda. Leo kaburini ulishika koleo hukutaka kumpa mtu. Lakini mwanangu, unamuenzi mtu kwa kufunika kosa aliloliona mwenyewe?

Chini ya lenta hiyo watalala wanawake na watoto wa siku moja. Mkwe wangu alijifungulia barabarani akipelekwa Karatu, juu ya kitenge changu. Sikushika tepu miezi yote hii ili wodi ije iwaangukie.

Margwe, tepu yako imebaki mfukoni mwa koti langu. Sikuirudisha, na sirudishi. Lala mwanangu, lala vizuri. Ulisema ukweli kabla hujashuka jukwaani.

Daniel, mwambie mwenye mashine asije. Kesho saa moja asubuhi fungueni ringi za mashariki mzifunge upya, na hizo fulana mzivae mkiwa kazini. Mimi nitapanda na tepu. Wewe piga picha, beba tableti kilimani, na usishuke mpaka tiki iwe ya kijani.