Shangazi Yuko Garissa

Harufu ya kambare waliokaushwa kwa moshi hunirudisha Kulesa papo hapo, kwenye jiko la nyanya yangu, asubuhi aliyomfungia shangazi Rehema chakula cha safarini. Shangazi alikuwa anakwenda Jeddah kufanya kazi za nyumbani. Nyanya alimtilia samaki wa kulisha arusi nzima, maana kwa hesabu zake safari ya Uarabuni haiwezi kupungua wiki.

"Mama, ndege kutoka Nairobi mpaka Jeddah ni mwendo wa saa nne tu," shangazi alisema.

Nyanya aliguna. Basi la Nairobi huondoka Garsen alfajiri likafika usiku, na hapo bado uko Kenya! Mwendo wa saa nne aliujua vizuri sana: ndio uliomfikisha Garissa alipopelekwa hospitali. Tangu hapo aliingiwa na hofu kwamba binti yake ametapeliwa.

Siku ya ndege hakutia kitu mdomoni. Simu ilipolia, niliweka sauti ya juu.

"Nimefika, Mama."

"Mara hii? Umefika wapi?"

"Jeddah."

"Hebu tazama nje. Waona nini?"

"Mchanga, na jua kali."

"Ngamia je?"

"Nimewaona wawili njiani."

"Na wanawake wa huko wavaa nini?"

"Mabuibui meusi."

Nyanya aliiziba simu kwa kiganja, akanigeukia. "Garissa," alininong'oneza. Kisha akamwambia shangazi, "Mwanangu, wamekulaghai. Uliza stendi iko wapi, upande basi la Garsen urudi nyumbani."

Shangazi alicheka mpaka simu ikakatika. Mimi, mjuaji wa darasa la sita, nilikimbilia atlasi nikamwonyesha nyanya bahari iliyo katikati. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza basi linapita wapi. Nikamwambia hakuna basi. Akaifunga atlasi taratibu, akaenda kuchochea moto. Toka siku hiyo kila aliyeuliza habari za shangazi alijibiwa yuko Garissa, hajambo. Watoto wa Kulesa tulicheka hadi mbavu zikauma.

Miaka ikapita, shangazi akarudi, amekonda mashavu. Tulimpokea Garsen. Nyanya alimshika uso kwa mikono miwili, akamuuliza, "Garissa kulikuwaje?"

Nilingoja shangazi aangue kicheko. Hakucheka.

"Mbali, Mama," alisema. "Mbali sana."

Leo nina binti wangu aliye ng'ambo, ndipo nimeelewa. Ramani ile nyanya aliielewa siku ile ile. Lakini mtoto akiugua Garissa, mama hujifunga leso, akapanda basi asubuhi, na mchana ameshamkumbatia. Jeddah, mama wa Kulesa angemfuata mwanawe kwa njia gani?