Kompyuta ya Ubao wa Mninga

Mwaka juzi mfugaji mmoja wa Mbwemkuru aliniletea redio mbovu. Mimi ni fundi wa simu na redio hapa Nachingwea, na siku hiyo nilikuwa nimetandaza mezani chipu na nyaya nilizohangaika nazo kwa miezi. Alipoziona, akaisahau redio yake.

"Dada, hii si kompyuta unaijenga?"

"Ndiyo. Ila imegoma kuwaka."

Kumbe alisomea elektroniki chuoni kabla ya kurudi kwenye ng'ombe wa baba yake na kuhama nao kutoka kanda ya Ziwa. Tangu hapo, kila akija mjini alipitia kwangu. Mume wangu alikaa nasi, akasikiliza mazungumzo yetu mpaka akasinzia.

Tulitumia chipu za kizamani, kibodi iliyotupwa na ofisi fulani, na TV ya kichogo tuliyoipata kwa muuza vyuma chakavu. Vyote tukavifunga kwenye ubao wa mninga. Mwishowe ikawaka, lakini herufi zilitetemeka, kisha kioo kikajaa alama zisizosomeka. Tukachomelea upya kila kiungo. Wapi.

Mchana mmoja mashine ya kusaga ya jirani ilizimwa, na papo hapo herufi zikatulia. Tukatazamana.

"Tatizo ni umeme," akasema, akaanza kucheka.

Ubao tukauhamishia kwenye betri ya sola. Jirani akasaga mahindi yake, nasi tukaandika tulivyotaka.

Wiki hiyo mama yangu alikuja kutoka Lionja. Kiswahili chake kina Kimwera kingi, na shule hakuiona. Nikamketisha mbele ya kibodi.

"Kinafanya nini hiki?" akauliza.

"Ukibonyeza herufi, inatokea pale."

"Simu yako haifanyi hivyo?"

"Inafanya, mama."

"Sasa hiki cha nini?"

"Hiki tumekitengeneza wenyewe. Mimi na huyu kaka."

Akamtazama mfugaji, akanitazama mimi, halafu akauchunguza ule ubao na nyaya zake kama anayekagua mkeka uliosukwa na mtu mwingine. Akabonyeza kitufe. Ikatokea M. Akabonyeza tena, na tena, hadi kioo kizima kikajaa M.

"Mama, jaribu na nyingine," nikamwambia.

"Subiri kwanza," akasema. "Hii bado inanifurahisha."