Mashine Goigoi

Muuguzi wa wodi ya watoto wachanga alikuwa na siku moja ya mapumziko kwa wiki, na siku hiyo aliimalizia katika kibanda cha nyuma ya nyumba, akitengeneza visu na kuchonga mipini yake. Kwa miaka mitatu alisugua kwa tupa na msasa wa mkono, hadi viganja vikaota sugu. Sasa alikuwa dukani, mbele ya mashine mbili za mkanda wa msasa, zote za bei anayoimudu.

"Chukua hii kubwa, dada," muuzaji alisema. "Inatafuna chuma kama muwa! Hiyo ndogo ni goigoi, ukiikandamiza tu inazima."

Muuguzi alitoa mkobani kipande cha mbao, akakigusisha kwenye mkanda wa ile kubwa. Mashine ilimpokonya, ikakirusha hadi chini ya kaunta. Alipokiokota, ncha ilikuwa imeungua.

"Si nilikwambia ina nguvu!" muuzaji akacheka.

Muuguzi alivitazama vidole vyake kimoja kimoja. Akaiwasha ile ndogo, akapunguza mwendo, na mbao ikalainika bila kuungua. Kisha akaikandamiza kwa makusudi. Mkanda ukasimama.

"Umeona uvivu huo?"

"Nifungie huyo huyo mvivu, kaka. Kesho asubuhi vidole hivi vinatafuta mshipa wa mtoto wa siku mbili."

Muuzaji akaenda stoo kutafuta boksi la ile mashine ndogo. Alilikuta chini kabisa, limejaa vumbi.