Mahari pa Nguo

Jina la duka letu lilikuwa kosa, na kosa hilo ndilo lililotusomesha. Baba alitoka shambani upande wa Endebess, akakodi chumba kikubwa kwenye barabara kuu ya Kitale, akamtafuta fundi wa kuandika mabango, mtu wa Bungoma, akamwambia aandike MAHALI PA NGUO. Sasa, baba alizaliwa kule Mkoa wa Kati, na l na r kinywani mwake zilikuwa kitu kimoja. Fundi naye kwao ni hivyo hivyo. Mmoja akatamka alivyoweza, mwingine akaandika alivyosikia, na asubuhi mji mzima ukasoma MAHARI PA NGUO. Watu walicheka wakashika mbavu. Mwalimu mmoja jirani alifika na chaki kutufundisha tofauti ya maneno hayo mawili, kana kwamba tulimwomba.

Baba aliapa bango litafutwa siku hiyo hiyo. Lakini kabla fundi hajarudi na rangi, wazee wa Kamukuywa waliingia na fimbo zao, wakauliza kama ni hapa panapouzwa vitu vya kupeleka ukweni. Walitaka blanketi za mama mkwe na koti la baba mkwe. Baba akawaambia ndiyo, ni hapa, wakae kwanza wapumzike. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma mbio, akaenda kuvitafuta kwa wauzaji wa jumla. Bango halikuguswa tena.

Hivyo tukawa duka la mahari. Si kwamba tuliuza nguo tu, tuliuza na heshima yake. Watu walikuja kwa ukoo mzima: wajomba, shangazi, na bwana harusi mwenyewe. Walikalishwa kwenye benchi, wakaletewa chai kutoka hoteli ya jirani. Mama yangu alitandaza blanketi juu ya kaunta yote, shangazi wakaishika, wakakunja uso, wakasema hii ni nyepesi, bibi yule ana baridi ya mifupa. Ubishi ungeweza kula nusu siku. Baba hakuwafungia mzigo mpaka aulize bibi harusi anatoka upande gani, kwa sababu kuna kwingine blanketi moja ni matusi na kwingine koti bila kofia ni vita. Nilikulia chini ya kaunta ile nikisikiliza mambo ya ndoa za watu.

Baba alipofariki nikalishika mimi. Na ndipo mji ulipoanza kutufia mikononi. Kwanza ilikuja supamaketi na vikapu vyake vya magurudumu. Ikaua duka la vyombo, ikaua la viatu, ikaua la sukari na unga lililokuwa mkabala nasi, halafu yenyewe ikafunga ikaenda zake, ikatuachia madirisha yaliyobandikwa magazeti. Kisha steji ya matatu ikahamishwa, na wale abiria waliokuwa wakipita mlangoni wakipoteza wakati hawakupita tena. Nilikaa nikifukuza nzi. Wacha wee, kuna uchungu wa kufungua duka asubuhi, kufagia, kumwagia maji vumbi la barabarani, halafu mtu wa kwanza kuingia ni wa kuomba chenji.

Sasa wanasema mji umefufuka. Wameweka matofali ya kabro barabarani, na taa. Wenye majengo wameyakatakata maduka ya zamani kwa mbao, kila duka likazaa vibanda kumi na kitu, na ndani ya kila kibanda kuna kijana, kioo, taa za rangi na muziki. Wanauza makava ya simu, kucha za bandia, viatu vya kuagizwa. Watu wanajaa, siwezi kudanganya. Saa mbili usiku barabara inawaka na wasichana wanapiga picha. Na mimi nilipaona nikachukia. Nilichukia kwa sababu walikuwa wanafaulu.

Jengo letu ndilo lililobaki zima, na sababu ni mimi. Mwenye jengo alikuja na futi yake, akapima, akaniambia kwa upole kwamba nikubali agawe, ataniachia kibanda cha mlangoni. Nilimfukuza. Akarudi, nikamfukuza tena, mara hii mbele ya watu. Majirani wakasema nimekuwa mkali bure. Hawakujua ninamwekea nani. Nina binti mmoja. Nilimwona akilini, siku moja akisimama nyuma ya kaunta ile pana, mahali aliposimama bibi yake, na watu wamekaa kwenye benchi wakinywa chai. Kwa ajili hiyo nilikaza roho miaka yote, nikakubali kuitwa mjinga.

Mwaka huu binti huyo alichumbiwa na kijana wa Bungoma. Wakwe wakaja nyumbani na nyimbo, kina mama wamebeba mizigo vichwani, na mimi moyoni nilikuwa na mshangao ambao sikuusema: hawakuwa wamepita dukani. Nilijiambia labda walimtuma mtu asiyenijua. Wakafungua mizigo mbele ya wageni. Blanketi waliyomletea mama yangu ilitoka kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, laini, rangi ya zambarau, na picha ya simba mgongoni. Mama alifunikwa mabegani watu wakapiga vigelegele. Akashukuru. Mkono wake ulikuwa unaipapasa chini kwa chini, na hakunitazama.

Sikuweza kunyamaza. Nilimwuliza shangazi wa kijana, kwa kicheko cha kujikaza, kama hawakusikia kwamba huku Kitale sisi ndio wauzaji wa vitu hivi. Akanishika mkono kwa huruma.

“Aki turisikia, mama,” akasema. “Si ni bibi harusi mwenyewe arituchagulia kwa simu. Akasema ya kwenyu ni ya kizamani.”

Chai ilinishinda. Nilingoja wageni wakaondoka, nikamfuata binti yangu jikoni, alipokuwa akiosha vikombe. Nilitaka kugomba. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote, ya aibu, ya bibi yake, ya babu yake aliyekimbia kwa mlango wa nyuma. Badala yake nilimwuliza kama anajua kwa nini sijakubali duka lile likatwe. Nikamwambia ninamwekea yeye.

Aliacha vikombe. Aligeuka akanitazama kama mtu aliyeambiwa ana deni asilolijua, na machozi yakamlenga.

“Mama, lakini mimi sijawahi kulitaka,” akasema. “Uliniuliza lini?”

Sikuwa nimemwuliza. Mama yangu alikuwa sebuleni bado na blanketi yake mabegani, na alisikia kila neno, kwa sababu nyumba yetu haina siri. Nilitoka nje, nimevaa bado nguo za sherehe, nikampigia mwenye jengo. Alikuwa na furaha, akauliza ni nini kilichonibadilisha mawazo baada ya kumtimua mara zote hizo. Nikamwambia alete mafundi Jumatatu, sina mtu wa kumwekea.