Mama Kona Akaa Kiti cha Mbele

Shangazi yangu alibandikwa jina la Mama Kona, akalinunia, ingawa alijitakia mwenyewe. Miaka yote aliyofundisha dansi na maigizo kwenye ukumbi wa mtaa, kila onyesho alijibanza kwenye kona ya jukwaa, nyuma ya pazia, akicheza kila hatua ili wachezaji wamchungulie. Na hao ni watu wazima na akili zao: wapishi, wauza mitumba, na fundi cherehani mmoja mama mwenye miguu mizito kuliko wote. Alivyowadekeza, wakadeka.

Goti lake lilipogoma, daktari akamwambia apumzike mwaka mzima. Ndipo afisa utamaduni, mama asiyejua mzaha, akaja na lake.

"Dada, kuna watu wanautaka huu ukumbi uwe stoo. Kikundi kikiweza kusimama bila wewe, mnabaki nao. Siku ya onyesho utakaa mbele na mimi."

Tangu hapo shangazi hakula vizuri wala hakulala.

"Wataniaibisha, mwanangu. Wataganda."

"Kwani hujawafundisha?"

"Nimewafundisha kuniangalia mimi."

Siku ilipofika nilikuwa napiga ngoma, kando ya jukwaa, kwa hiyo niliona yote. Mwanzo ulikwenda sawa. Shangazi alikumbatia mkoba wake kama abiria anayeogopa wezi. Wakafika sehemu ya mwisho, ile ngumu ya kugawanyika pande mbili. Wote wakageuza shingo kutazama konani. Hakuna mtu. Wakaganda kweli.

Nikarudia mapigo yaleyale, nikayarudia tena, jasho linanitoka, namlaani afisa kimoyomoyo. Shangazi alikuwa ameshainuka nusu, goti kalisahau, mkono umeanza kuonyesha hatua. Afisa akamkazia macho. Akisimama tu, ukumbi umekwenda. Akaketi, akaikalia mikono yake yote miwili.

Aliyejitosa ni fundi cherehani. Tena akaenda upande ambao siyo! Akachuchumaa, akazunguka, akainuka na mikono juu, mambo ambayo hatujawahi kufanya mazoezini hata kwa utani. Wenzake, kwa kukosa mwingine wa kumwangalia, wakamfuata. Walikosea wote, ila walikosea pamoja, na watu wakapiga makofi hadi wengine wakasimama.

Afisa akamgeukia shangazi.

"Haya, ukumbi ni wenu. Lakini huo mwisho umenigusa sana. Uliutungaje?"

Hapo nilimwogopea kuliko mwanzo. Shangazi ana wivu na kazi yake; hakuna hatua aliyowahi kuruhusu iguswe na mtu, na sifa ile angeweza kuipokea bila yeyote kujua. Machozi yalimjaa. Alikuwa na furaha na alikuwa ameumia, na hakuficha hata kimoja.

"Siyo wangu," akasema. "Ni wa yule fundi pale. Na darasa la kesho ni lake."