Tulivyokwenda na Challenger Kumchukua Koku Kishanda

Chanzo cha safari hii ni Mzee Rwegasira wa Kishanda, ambaye hakutaka kuozesha. Hakusema hivyo, mtu mzima hasemi hivyo. Mdogo wangu Anaclet alituma mshenga, akapokelewa vizuri. Akapeleka mahari, ikapokelewa vizuri zaidi. Ila kila siku ya harusi ikikaribia, mzee anapata neno. Kwanza tusubiri kahawa ivunwe. Kahawa ikavunwa, tukaambiwa Kwaresima imeingia. Kwaresima ikaisha, mguu ukaanza kumuuma. Koku ni kitinda mimba wake, mama yake alishafariki, na wale wawili walikuwa wakiishi peke yao katikati ya migomba, binti akipika na baba akisifia. Unaona basi tatizo lilipo.

Mwisho akatoa neno ambalo hata mshenga alirudi nalo ameinamisha kichwa. "Binti yangu hatoki hapa na Noah iliyobeba samaki jana," alisema. "Leteni gari ambalo Kishanda haijaliona, nami nitafungua mlango."

Alidhani ametuweza. Hakujua tuna Projestus.

Projestus ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Ameendesha malori Texas miaka mingi, na aliporudi nyumbani Bukoba wenzake walitegemea atarudi na pesa. Alirudi na Challenger. Ni gari la Kimarekani, jeusi, lina mistari miwili myekundu kutoka puani hadi mkiani. Boneti yake ni ndefu kiasi kwamba yenyewe ikishafika, wewe uliyemo ndani bado uko njiani. Taa nne za duara zimekaa ndani kidogo chini ya paji la uso, zinakutazama kama mama mkwe aliyekukuta bado umelala. Milango ni miwili tu, mirefu, na nyuma limejaa mabega. Mimi nina mgahawa mtaa wa Bakoba, mjini Bukoba, na sijawahi kuota gari maishani mwangu, lakini hilo niliposimama mbele yake mara ya kwanza nilijikuta nimevua aproni.

Nilipokaa ndani nilimwuliza bei. Akaangalia ziwa. Nikamwuliza tena, akasema kule alilinunua likiwa limeshatumika, kwa pesa ambayo hapa ungejenga nyumba ya vyumba vitatu na bati la rangi. Kufika bandarini Dar, kwa ukubwa wa injini ile, ushuru nao ukataka nyumba yake. "Kwa hiyo hapo umekalia nyumba mbili, dada Theo," akaniambia. "Kaa vizuri."

Jumamosi alfajiri, Bakoba. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge rangi ya maziwa, jipya, na kilemba ambacho kilinichukua muda kuliko kupika supu ya watu thelathini. Mimi ndiye niliyetumwa na ukoo kumleta bibi harusi. Misa ilikuwa saa sita mchana pale mjini, na Padri alishatuonya kwamba yeye hasubiri bibi harusi, anasubiri ufufuko tu. Projestus akaliwasha. Kuku wa jirani wakaacha walichokuwa wakifanya. Jirani yangu Hajati Mwanaidi akatoka na kanga kichwani, akasimama mlangoni kwake akisikiliza ule mngurumo mpaka vyombo vya ndani vikaanza kugongana.

"Theo," akasema, "hilo ni gari au mashine ya kukoboa kahawa?"

"Ni harusi, Hajati. Tuombee."

"Nitawaombea. Lakini kwanza mwondoke, sufuria zangu zinashuka kabatini."

Sasa, usukani wa gari lile uko kushoto. Sisi wa Kagera si washamba wa jambo hilo, maana malori ya kwenda Rwanda na Burundi tunayaona. Lakini kuliona ni tofauti na kukaa mwenyewe upande wa kulia, mahali pa dereva, mikono mapajani, huna cha kushika. Projestus akanipa kazi. Yeye akiwa kushoto, akifika nyuma ya lori haoni kama mbele kunakuja gari. Mimi ndiye macho yake. Njia ikiwa nyeupe niseme "pita", isipokuwa nyeupe niseme "subiri".

"Na nikikosea?"

"Ukikosea, hiyo Misa tutaisikilizia juu."

Tulipoumaliza mlima wa kutoka mjini, lami ikanyooka, na mbele yetu ikatokea pickup imebeba magodoro. Nikatoa kichwa. Njia nyeupe kabisa. Nikasema "pita" kwa sauti ndogo, kwa sababu sikuwa nimeelewa. Projestus akakanyaga. Jamani. Mgongo wangu ulizama kwenye kiti, kilemba kikarudi nyuma, na moyo nadhani ulibaki kwenye magodoro yale. Nilicheka. Nilicheka nikashindwa kuacha, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenyekiti wa jumuiya, nacheka kama nimetekenywa. Tangu hapo nilikuwa natafuta magari ya kupita. Nilikuwa nikiona lori mbali nashukuru Mungu.

Niseme ukweli wote, nisije nikaonekana nimehongwa. Kwenye lami nzuri ni kama umekaa sebuleni, kiti kipana, sauti ya injini inakuja chini chini inakukanda miguu. Lami ikiwa na viraka, gari linaanza kusema. Kila kiraka nilikijua kwa kiuno. Na kwenye kona si mwenzako. Pua inakwenda lakini mkia unafikiria kwanza. Projestus alikuwa akikaribia kona anapunguza, anashika usukani kwa mikono miwili na kunyamaza, na mimi nanyamaza naye kwa heshima.

Kemondo, trafiki akatusimamisha. Akaja moja kwa moja dirishani kwangu, akapiga saluti ndogo, akaomba leseni.

"Sina," nikasema.

Akaangalia mikono yangu, akaangalia mahali ambapo usukani ungekuwa.

"Mama, sasa lilikuwa likienda na nini?"

"Kwa maombi, afande."

Projestus akanyoosha leseni yake kutoka upande wa pili huku amejiuma mdomo. Trafiki alizunguka gari lote mara mbili, akakagua kila kitu, na kwa kweli kila kitu kilikuwa sawa. Kisha akasogea karibu akaomba, kwa upole, tuliungurumishe kidogo. Tukaliungurumisha. Akaturuhusu huku akitikisa kichwa kama mtu aliyetoka kupokea komunyo.

Muleba tulisimama sheli, na hapo ndipo utajua kwa nini Projestus hupenda kuegesha kuliko kuendesha. Gari lile linakunywa petroli kama wajomba wanavyokunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, bila kuvuta pumzi. Mhudumu wa pampu aliangalia namba zikipanda, akamwangalia Projestus kwa huruma. Nikajifanya natengeneza kilemba.

Baada ya Muleba tukaacha lami, tukashika barabara ya udongo ya Kishanda, na yule mfalme akageuka kobe. Tumbo lake liko chini. Kila jiwe lilipogusa, Projestus alivuta hewa kwa meno kama amekanyaga mwiba. Wenye baiskeli walitupita wakatusalimia, wakaenda zao. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mimi nilianza kuangalia saa.

Kishanda, kwenye kijia cha kupanda nyumbani kwa Mzee Rwegasira. Majirani walikuwa wamesikia kwamba tumbo la gari liko chini, wakatufanyia wema: walikata migomba iliyokwisha kuzaa, wakailaza ndani ya mitaro ya kijia ili tusikwame. Roho yangu iliguswa. Niliteremka gari lipate wepesi, nikasimama nyuma yake nisukume kwa mkono mmoja, kiheshima tu. Projestus akakanyaga.

Mnajua mgomba una maji kiasi gani. Sasa uweke chini ya tairi pana la gari ambalo nguvu zake zote ziko kwenye magurudumu ya nyuma. Gari halikwenda hata hatua. Magurudumu yalizunguka, yakaisaga ile migomba ikawa uji, uji ukaja wote kwangu. Na utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo, hata umwite nani. Nikapangusa macho. Majirani walikuwa wakinitazama kwa masikitiko, mabega yakiwatetemeka.

Juu pale, mlangoni kwake, Mzee Rwegasira alikuwa amesimama na kanzu nyeupe na koti, ameegemea fimbo, uso wake umetulia kama wa mtu aliyejibiwa sala.

"Poleni sana," akatuambia. "Gari limekataa. Basi, twende ndani tule, siku tutapanga nyingine."

Nikafikiria Anaclet amesimama kanisani na suti, nikafikiria vyakula vyote vile. Ndipo Koku akatokea nyuma ya baba yake. Alikuwa amekwisha kuvaa gauni la harusi, jeupe, amelishika kwa mkono mmoja limefika magotini, na chini ana ndara.

"Tata," akasema, "maganda ya kahawa yapo nyuma ya nyumba. Magunia matano. Nimeyaweka mwenyewe."

Mzee akamtazama. Akatazama gari. "Yaleteni basi," akasema.

Majirani wakaondoa ule uji wa migomba, wakamwaga maganda makavu kijia chote, na Challenger likapanda polepole hadi uani. Mzee akasema "limefika", kama mtu anavyosema mvua imeanza. Tulipewa kahawa ya kutafuna, tukapewa baraka, tukala haraka bila adabu. Kisha akatimiza ahadi yake. Akafungua mlango wa kulia wa gari. Akaingia yeye.

Alikuwa na nafasi yake mbele kabisa kwenye Coaster ya ukoo wao, iliyokuwa ikiwasubiri ndugu na kwaya chini barabarani. Lakini alikaa, akaweka fimbo katikati ya magoti, akafunga mkanda. Projestus aliniangalia mimi, mimi nikamwangalia Paskazia, shangazi yake Koku, na Paskazia akaangalia mawingu. Nani angemwambia ashuke? Tukakunja kiti cha dereva, tukapenya nyuma mmoja mmoja, Koku katikati na sisi pembeni. Nyuma kule kiti ni cha watu watatu ambao hawana miguu. Gauni lilitufunika sote hadi kidevuni. Projestus akamweleza mzee ile kazi ya macho, pita na subiri. "Nimeelewa," mzee akajibu.

Muhutwe tukiwa tumeshaipita, tukakuta lori la ndizi limejaa hadi juu, linapanda kilima mwendo wa mtu mwenye mzigo.

"Baba, vipi?" Projestus akauliza.

"Subiri."

Tukasubiri. Nikajivuta kutoka ndani ya gauni, nikachungulia katikati ya viti. Barabara ilikuwa tupu. Hata mbuzi hakuwapo.

"Baba, naona kama njia nyeupe," nikasema.

"Subiri."

Pikipiki ikatupita. Bajaji ikatupita. Injini ile iliyogharimu nyumba mbili ilikuwa ikinung'unika nyuma ya ndizi. Kisha Coaster ya ukoo, tuliyoiacha mbali, ikatufikia na kutupita, kwaya nzima imetutazama kutoka juu, wakapunga mikono. Saa yangu ilikuwa inakaribia sita. Nikafungua mdomo nimwambie mzee maneno ambayo mtu wa upande wa bwana harusi haruhusiwi kuyasema, na Koku akanibana paja chini ya gauni. Nikaufunga.

Hapo ndipo nikamtazama mzee vizuri. Alikuwa hatazami barabara. Alikuwa amegeuza kile kioo kidogo cha kwenye kisetiri cha jua, anamtazama binti yake. Aibu ilinishika, na kicheko changu chote cha asubuhi kikanitoka.

"Tata," Koku akasema taratibu, "Jumapili nitakuja."

"Jumapili ipi?"

"Hii ijayo. Baada ya Misa. Nitakupikia."

"Na yule mumeo?"

"Nitakuja naye. Atakuchotea maji."

Kilima kilifika juu, ziwa likaonekana upande wetu wa kulia, na barabara ikashuka mbele yetu imenyooka, nyeusi, imelowa. Akakirudisha kioo. Akatoa kichwa nje ya dirisha, akaangalia sawasawa, kama anayetafuta mtu.

"Pita," akasema.

Projestus akakanyaga. Paskazia akaita jina la Bikira Maria, mimi nikaangukia gauni, Koku akawa analia na kucheka kwa pamoja, na mzee kofia yake ikaruka ikaja kutua kiti cha nyuma. Lori likayeyuka. Tukaifikia Coaster. "Pita," mzee akasema, safari hii bila kuulizwa, na tulipokuwa tunaipita aliwapungia kwaya mkono mmoja, taratibu, kama askofu. Baada ya hapo alianza kunung'unika kwamba barabara ya Bukoba haina magari ya kutosha.

Bukoba, mlangoni pa kanisa, Padri alikuwa ameshashika kitabu. Mzee Rwegasira alishuka, akajipangusa kanzu, akampa binti yake mkono na kwenda naye hadi kwa Anaclet bila kusimama popote. Mimi nilifuata nyuma na gauni langu la utomvu, na sikujali.

Sasa wateja wangu hapa mgahawani kila siku wananiuliza. Wanataka kujua lile gari la Projestus linakimbia kiasi gani hasa, maana nimelipanda kwenda na kurudi. Nawaambia nilichojifunza: linakimbia kadiri baba wa bibi harusi atakavyoruhusu.